Nyumba Isiyopigwa Hodi

Kaeni vizuri, ndugu zangu. Na wewe mama wa benchi la nyuma, hiyo simu iache ilale kidogo, maana mfano wa leo unakuhusu, na mimi pia unanihusu.

Kulikuwa na mwenyekiti wa mtaa mmoja, mchapakazi, mtu wa watu. Siku moja halmashauri ikamwambia, "Mtaa wako utajengewa kituo cha michezo na mapumziko. Kusanya maoni ya wakazi, ndipo tuchore ramani." Lo! Bwana yule alifurahi kama kapata mtoto wa kwanza. Mnajua kwa nini? Alikuwa anaishi na mama yake mzazi. Miguu ilikuwa imemchoka bibi wa watu, mwaka wa pili huo havuki geti. Wajukuu wakienda shule na mkwe akienda sokoni, anabaki uani anaongea na kuku. Hilo lilimuuma sana mwanawe. Akasema moyoni, "Kituo hiki lazima kiwe na chumba cha wazee. Mama yangu apate wa kupiga naye soga kabla hajafumba macho."

Sasa, wenyeviti wengine mnawajua. Anaita mkutano, wanakuja watu kumi na wawili, saba kati yao ni wajumbe wake mwenyewe, anaandika "wananchi wameafiki", kwisha habari. Huyu hakuwa wa hivyo. Alinunua daftari kubwa, akachomeka kalamu sikioni, akapita nyumba kwa nyumba. "Hodi hodi!" "Karibu mwenyekiti!" Anavua viatu, anakaa, anauliza, anaandika. Kwa fundi baiskeli alifika. Kwa wapangaji wa chumba kimoja alifika. Hata kwa yule mama aliyemnunia tangu uchaguzi alipiga hodi mara tatu mpaka akafunguliwa. Wiki tano nzima, ndugu zangu, mpaka sandali zikamkatikia njiani.

Na watu wakasema ya moyoni. Vijana wakataka uwanja na mahali pa kufanyia mazoezi ya ngoma. Kina mama wakataka ukumbi wa vikao vyao. Kuhusu wazee, mtaa mzima ulikuwa na neno moja: "Mwenyekiti, wazee wetu wawekwe ghorofani. Chini kutakuwa na kelele za ngoma. Juu kuna upepo, kuna utulivu, watauona mtaa wote." Ni neno jema, au siyo? Mwenyekiti akaliandika, akalipigia mstari.

Jioni moja amekaa sebuleni na daftari lake, mama yake akamwita kutoka chumbani. "Mwanangu, hilo jengo lenu..."

"Mama, wewe pumzika," akajibu bila kuinua kichwa. "Mambo yako yote nimeyaweka sawa. Utafurahi mwenyewe."

Kituo kikajengwa, kikapendeza kweli. Siku ya kufungua, mwenyekiti kavaa suti, kamleta mama yake kwa bajaji, bibi kajifunga kitenge kipya hata hakijafuliwa. Wazee wengine nao wameletwa na watoto wao. Mama akashuka, akashika mkongojo wake, akatazama ngazi. Vidato ishirini na viwili. Akaweka mguu kwenye cha kwanza. Kwenye cha pili mguu ukakataa.

Vijana wakakimbilia, "Tumbebe!" Mama akawainulia mkongojo. "Leo mtanibeba kwa sababu kuna wageni. Jumatatu atanibeba nani?"

Basi wakatandikiwa mkeka, wazee kumi na mmoja, chini ya ngazi, wanatazama juu. Na kule juu viti vipya vimepangwa vizuri, upepo unapita, hakuna mtu. Mwenyekiti akapiga magoti pale pale na suti yake. Machozi yakamtoka mbele ya wageni. "Mama, mbona hukuniambia?"

"Mwanangu," akasema mama, "umepiga hodi mtaa mzima. Kwangu unaingia bila hodi na kutoka bila hodi, kwa sababu ni kwenu. Ningekuambia saa ngapi?"

Mtaniuliza, mchungaji, kwenye zile nyumba nyingine hakukuwa na wazee? Walikuwemo! Walikuwa kwenye vyumba vya uani. Aliyempokea mgeni sebuleni ni mtoto, na mtoto akamsemea mzazi wake. Kwa mapenzi kabisa.

Kesho yake asubuhi mwenyekiti alichukua daftari, akaenda akasimama mbele ya chumba cha mama yake, akavua viatu.

"Hodi."

"Nani?"

"Ni mimi, mama."

"Sasa hodi ya nini, na hapa ni kwenu?"

"Nimekuja kuuliza."

"Haya, karibu, kaa. La kwanza, andika: ngoma zipelekeni juu. Wenzangu nusu yao hata hawazisikii."

Mnacheka. Chekeni, lakini mtafika nyumbani. Nani kati yetu hajajenga ngazi ya namna hiyo? Baba, ulimchagulia binti yako shule nzuri, ulimuuliza? Mama, unajua mumeo anapenda nini, ulijua tangu mwaka wa harusi. Umemuuliza tena lini? Na sisi tunaoomba kila asubuhi, si tunamwambia Mungu, "Wewe pumzika, mambo yako nimeyaweka sawa"? Wa nje tunawauliza kwa heshima zote. Wa ndani tunawakisia, halafu tunashangaa mbona hawapandi.

Kwa hiyo leo ibada ikiisha, msisimame hapo mlangoni kunipa mkono na kuniambia neno lilikuwa tamu. Nendeni nyumbani. Simama mbele ya mlango wa yule unayedhani unamjua. Vua viatu. Piga hodi, na usiingie mpaka uambiwe karibu.