Mazishi ya Timu ya Bwana Khelef

Palikuwa na tajiri huko Mivinjeni, jina lake Bwana Khelef, aliyetaka kupendwa kwa amri. Msicheke bado, ngojeni.

Bwana Khelef aliinunua timu ya mji, Chui wa Mivinjeni, wakati watu wanaipenda kuliko pilau. Akaanza mambo yake. Akamuuza Kidevu, mfungaji wetu, pesa akajengea ghorofa. Akapandisha kiingilio mpaka mtu achague, mpira au chakula cha jioni. Ngoma za mashabiki akazipiga marufuku, eti zinamuumiza kichwa. Watu wakasusa mmoja mmoja, hata siku za mechi uwanjani wakabaki wachezaji, mwamuzi na mbuzi wa jirani. Naye mbuzi alikuwa akiondoka mapema.

Ikaja habari kwamba kuna mnunuzi kutoka mbali, Bwana Ruhinda, anakuja Jumamosi kuitazama timu. Bwana Khelef akamwita Bi Sikudhani, mkaanga mihogo wa pale getini. Mwanamke huyu ndiye zamani aliyekuwa akiongoza nyimbo za mashabiki, na ulimi wake, mh, hauna breki.

"Bibi, Jumamosi nataka uwanja ujae."

"Na mimi nataka kuolewa na mfalme. Tufanyeje?"

"Sitanii! Usipojaa, timu naivunja, uwanja naugeuza ghala, na wewe na karai lako mkatafute pengine pa kukaangia."

"Uwanja ule si wako, bwana. Wazee waliiachia timu."

"Na timu ni ya nani?"

Bi Sikudhani akageuka kuutazama uwanja. Alikulia kwenye uwanja ule, na marehemu mumewe alimtupia jicho la kwanza pale pale, siku Chui walipotwaa kombe. Akasema, "Haya, nitawaleta. Lakini usiniulize nimewaletaje."

"Hata ukiwafunga kamba!"

Jumamosi asubuhi Bi Sikudhani akajitanda kanga, akakunja uso, akapita nyumba mbili tatu akinong'ona, "Bwana Khelef kafiwa. Mazishi alasiri, uwanjani."

Basi! Nyie mnawajua watu wetu. Mpira watasusa, harusini watachelewa, lakini msibani? Thubutu! Wala hakuna aliyeuliza nani kafa. Utaulizaje, uonekane si mtu wa watu? Kila mmoja alijiambia atamuuliza mwenzake huko huko.

Alasiri uwanja ukafurika. Wanaume na kanzu zao, wanawake mikekani na masufuria ya wali. Kadhi Burhani mwenyewe kaja, mzee ambaye ujanani alikuwa mpiga ngoma wa Chui, ila msimwambie kama nimewaambia mimi. Katikati ya uwanja pana kitanda cha kamba, kimefunikwa shuka jeupe mpaka chini.

Bwana Khelef akaingia na mnunuzi wake, kifua mbele. "Unaona? Wote hao mashabiki wangu!"

Mzee wa kwanza akamshika mkono. "Pole sana, bwana. Mungu akupe subira." Wa pili naye, pole. Wa tatu akamkumbatia, analia kwa sauti, kamasi begani.

"Bi Sikudhani!" akaita Bwana Khelef. "Nani kafa?"

Bi Sikudhani akafunua shuka kidogo. Juu ya kitanda palilala jezi ya Kidevu, imekunjwa vizuri. "Timu, bwana."

Uwanja mzima ukaguna.

"Mwongo!" akafoka Bwana Khelef. "Juzi tu imecheza!"

"Imefungwa saba. Huko ni kucheza au kukata roho?"

"Timu haifi hivi hivi!"

"Si hivi hivi. Imeuawa. Kidevu aliuzwa na nani?"

"Mimi! Ni haki yangu."

"Kiingilio alipandisha nani?"

"Mimi!"

"Ngoma je?"

"Mimi, mimi, yote mimi! Timu yangu, naifanya nitakavyo!"

"Sheikh, umesikia?"

"Kwa masikio yote mawili," akasema Kadhi.

Bwana Ruhinda alicheka mpaka machozi. "Bwana Khelef, mimi nilikuja kununua timu. Maiti sinunui." Akavua viatu, akakaa mkekani, akaomba wali.

Jasho likamtoka tajiri. Akajifuta, kisha akatabasamu, na tabasamu lile halikumpendeza mtu.

"Vizuri sana. Imekufa, na mji mzima ni shahidi. Niliyeilea ni mimi, baba yake ni mimi, ndugu mwingine haina. Basi uwanja wake naurithi mimi. Kesho mafundi wanaanza ghala."

Kadhi akakuna ndevu, wanawake wakatazamana. Bi Sikudhani akamsogelea Kadhi, akapiga magoti, mpole ghafla kama bi harusi.

"Sheikh, nisaidie mie mkaanga mihogo, sijasoma. Baba akimuua mwanawe, anamrithi?"

"Astaghfirullahi! Muuaji harithi hata ukucha."

Bwana Khelef akaruka. "Ngojeni! Nani kasema imekufa? Haijafa! Iko hai, nzima, ina afya kunishinda mimi!"

"Unaapa mbele ya Kadhi?"

"Wallahi naapa!"

"Alhamdulillahi," akasema Bi Sikudhani. Akaingiza mkono chini ya kitanda, akavuta ngoma. "Aliye hai harithiwi, bwana, na siku ukiivunja tutajua nani kaua. Sheikh, shika ngoma yako."