Kiti cha Kinyozi

Watu hupenda kuita bahati ile kazi ambayo hawakuiona ikifanywa. Wahenga walilijua hilo, ndipo wakanena: ukiona vyaelea, vimeundwa. Asiyesadiki na asikie habari za kinyozi mmoja mwanamke, ambaye kaka yake alimwita Kioo kwa kuwa uso wake haukujua kuficha neno.

Baba yao, kinyozi naye, alipofariki aliacha kiti chake cha kazi: cha chuma, kinachozunguka, ngozi ya mikononi imechakaa kwa viganja vya wateja. Kioo alikitaka akifanyie kazi. Kaka yake, muuza samani, alikitaka akiweke dirishani mwa duka kiwe pambo. Wakavutana hadi mama yao akachoka.

"Marehemu alikuwa akikata mashauri yenu kwa karata," akasema. "Basi mtacheza poka mwisho wa mwezi, hapa hapa mezani kwangu. Atakayeshinda achukue kiti, na nisisikie kelele tena."

Kaka alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Mama, si ungenipa tu! Huyu tangu utotoni akipata karata nzuri, meno yote nje."

Kioo alirudi kazini moyo mzito. Kila akifumba macho alimwona baba amesimama nyuma ya kile kiti. Kukiona kimefanywa pambo kungemkata maini. Akapakua kwenye simu mchezo wa poka wa pesa za bandia, akawa anacheza mchana wateja wanapoadimika, na usiku nyumbani.

Lo! Mwanzoni alifilisika vibaya. Kwa kuwa pesa zenyewe ni za hewa, na simu ilimpa nyingine bure, alizisukuma zote kila mara, na wachezaji wenzake wa simuni vivyo hivyo. Mumewe, fundi baiskeli, hakumwacha salama: "Tajiri wangu, leo umefilisika mara ngapi? Hebu tukopeshe ya mkate."

Kioo alicheka, lakini neno lilimwingia. Akajiwekea sharti: kila sarafu ya bandia ni kichwa cha mteja. Nywele zikishakatwa hazirudi, na kinyozi hapeleki mkasi asipokuwa na hakika. Tangu hapo akawa analaza karata mbovu, yaani anajitoa raundi hiyo bila kuweka dau, bila kinyongo, anangoja, anatazama. Simuni hakuna nyuso, kwa hiyo alijifunza kutazama madau: nani anaweka kwa utulivu, nani anakurupuka. Akagundua kuwa wengi wanaokurupuka hawana kitu.

Siku ikafika. Mama akawagawia maharagwe makavu yawe ndiyo pesa, na mume wa Kioo akaketi kando kutazama. Kaka alianza kwa mbwembwe, akimkodolea dada yake macho. Wapi! Kioo alishika karata kama anavyoshika wembe shingoni mwa mtu, na anaponyoa ndevu uso wake hautikisiki hata nzi akimtua puani. Akalaza karata, akalaza tena. Kaka akaishiwa subira, akasukuma maharagwe yake yote kwa pupa, hata karata ya mwisho haijatulia mezani.

Kioo alikuwa na nane mbili tu. Akikosea, kiti kimekwenda. Akakumbuka wale wakurupukaji wa simuni.

"Nakufuata, kaka," akasema taratibu.

Kaka akafunua. Hakuwa na hata jozi ya kusingizia.

"Bahati hiyo!" akapiga kelele. "Bahati tupu!"

"Bahati?" fundi baiskeli akadakia. "Shemeji, huyu amefilisika nyumbani kwangu mpaka majirani wakaanza kunionea huruma!"

Wote wakaangua kicheko, kaka naye. Kesho yake kaka alikileta kiti mwenyewe kazini kwa Kioo kwa mkokoteni wa dukani, akakipangusa vumbi, akakikalia awe mteja wa kwanza. Kioo alipomfunga shuka shingoni, machozi yalimlenga, na uso wake ukarudia desturi yake ya kusema kila kitu. Kaka akauona kwenye kioo cha ukutani, akamshika mkono.

"Baba angefurahi, mdogo wangu," akasema. "Nami naufuta ule usemi wangu wa bahati. Ukiona vyaelea, vimeundwa."