Watatu na Ziwa Chini ya Barafu

Hapo zamani, si zile za wanyama kusema, hizi za juzijuzi, watu watatu walikwenda nchi ya barafu. Huko majira ya joto jua halitui. Linazunguka tu kama mbuzi aliyefungwa kigingini. Chini kweupe, juu kweupe. Mtu hajui kama yuko macho au anaota.

Kajiru aliendesha trekta. Trekta lilivuta kigari kisicho na magurudumu, na humo alikaa Nakunda na rada. Rada hupeleka mawimbi chini ya barafu. Yakigonga mwamba hurudi, nayo rada huchora mstari wenye meno.

Kajiru akasinzia. Trekta likaacha vibendera vya njia, likaenda lilikotaka. Nakunda naye akitazama meno yakipita, yakipita, kama yuko ndotoni. Mara meno yakaisha. Mstari ukalala, ukang'aa kama kioo.

"Simama, Kajiru! Mwamba haulali hivi. Chini yetu kuna maji!"

Kambini, mwenzao wa tatu, Togolai, fundi wa rada, akacheka mpaka akakohoa. "Maji! Chombo kimeingia wazimu, dada, nawe umekifuata. Futa."

"Sifuti."

"Mstari mmoja si ziwa."

"Basi nenda kachore wa pili. Au miguu ni ya kuvalia viatu tu?"

Togolai akaenda, kwa hasira, akiburuta rada ndogo kwa kamba, ili arudi kumwaibisha. Upepo ukamchapa siku tatu. Akarudi na vidole viwili vya mguu vimekufa. Na mstari wa pili umelala, unang'aa vilevile.

Ikaletwa karatasi ya ramani, waandike jina: ziwa moja, jina moja.

"Liitwe Kajiru," akasema Kajiru. "Nilisinzia, ndiyo. Ningekuwa macho tungefuata vibendera, na ziwa msingeliona."

"Usingizi nao unaomba zawadi!" akafoka Togolai. "Mimi nimeacha vidole kule. Bila mstari wangu hakuna ambaye angeamini. Liitwe Togolai."

"Ulikwenda kunikanusha," akasema Nakunda. "Mimi niliamini mkinicheka. Liitwe Namboza, jina la mama. Kwetu jina la marehemu hubebwa na mjukuu. Mama alinizaa mimi tu, na mimi sikujaliwa mtoto."

"Ziwa si mjukuu," akasema Kajiru.

"Najua. Ndilo nililolipata."

Kalamu iko mezani, ndege ya kuichukua karatasi inanguruma nje, nao watatu wanatazamana. Haya, nyinyi hodari wa kuhukumu wenzenu: aliyepotea njia, aliyeamini, au aliyethibitisha bila kuamini, kalamu ashike nani?