Shule Isiyotaka Machozi

"Hadithi ninayo. Niwape au nibaki nayo?"
"Tupe!"
"Ina mifupa."
"Tutaitema!"
"Haya. Fungeni midomo, tegeni masikio."

Hapo kale palikuwa na shule ya msingi ya wanyama, na mwalimu mkuu alikuwa Fisi. Msicheke. Wazazi walimchagua wenyewe, eti ana sauti nzito na watoto wakimwona hutulia.

Sheria ya Mwalimu Fisi ilikuwa moja: hakuna kulia. Kiranja Kasuku alishika daftari. Ukilia, jina linaandikwa. Jina likiandikwa, wenzako wa darasa wanakusukuma ofisini. Ofisi yenyewe pango, mlango wa mpingo, komeo kwa nje. Saa ya uji Fisi anaingia. Kwachu, kwachu, kwachu! Kesho yake mstarini anasema, "Mwenzenu amehamishwa."

Akalia Sungura mdogo, akahamishwa. Akalia Ngiri mdogo, akahamishwa. Akalia Kindi kwa kuwalilia hao wawili, naye akahamishwa. Na waliosukuma ni wale wale waliocheza nao rede jana yake.

Asubuhi moja Digidigi mdogo, jina lake Sikudhani, alifika amekaza shingo. Alfajiri mama yake alikuwa amenaswa na mtego, akafa. Akaketi kwenye dawati lake, ubavuni mwa Pimbi, mdomo ukimtetemeka.

Pimbi ni mdogo tu, hana hata mkia. Akanong'ona, "Kulikoni, dada?"

"Mama," alisema Sikudhani.

"Chozi linakuja?"

"Linakuja."

"Lishike kidogo."

Kasuku alikwishafungua daftari. Pimbi akamnyooshea mkono Mwalimu Fisi, aliyekuwa amesimama mbele ya darasa.

"Mwalimu! Kiranja anatuonea. Jana nusura amwandike mwenye mafua. Hatujui kulia hasa kukoje. Tuonyeshe, tusije tukakosea."

Fisi akameza mate. Alifikiri, nikiwafundisha, watalia wengi. "Tazameni," akasema, akakunja uso. "Uwi, uwi."

"Huko ni kupiga miayo, Mwalimu. Anayelia huwa kakumbuka kitu. Ulipokuwa mdogo, ulikuwa na ndugu?"

"Pacha wangu."

"Yuko wapi?"

Fisi akasema, "Tulikuwa na njaa. Tuling'atana shimoni. Mimi nilimzidi kidogo, yeye akafa. Nikataka kulia, baba akaniambia nyamaza. Nikanyamaza."

Chozi likadondoka, po! La pili, po! "Uuu-wiii!" Fisi akalia, na kujizuia hakuweza.

Kasuku akaandika: Fisi. "Sheria ni sheria," akasema.

Darasa zima likasimama. Sukuma, sukuma! Fisi haoni kwa machozi. Sukuma, sukuma! Mlango, kwa! Komeo, kacha!

Pimbi akapanda juu ya dawati. "Wenzangu, Mwalimu amehamishwa!" Wakacheka wakashika mbavu.

Siku ya pili Fisi alikuwa bado analia mle ndani, nao walikuwa bado wanacheka. Sikudhani hakucheka. Alikijua kilio kile, alikuwa nacho kifuani mwake.

Siku ya tatu akaenda akaketi nje ya ofisi, mgongo mlangoni.

"Pacha wako aliitwa nani?" akauliza.

Fisi akalitaja jina. Sauti yake ilikuwa imekwisha.

Sikudhani hakulifungua komeo, hakuwa mjinga. Ila alikaa. Akalia yeye kwa ajili ya mama yake, akalia yule kwa ajili ya pacha wake, mpaka upande wa ndani ukanyamaza. Pimbi akaja polepole akaketi karibu naye.

Hadithi nimeifukia hapo, mwenye jembe na aifukue.

Funzo? Watoto, kulia ni kubaya mno. Mwalimu Fisi alilia mara moja tu, mmeona yaliyompata. Mimi nimesimulia yote haya macho makavu. Na wewe unayejifuta kule nyuma, usiniambie ni vumbi. Sogea hapa karibu. Daftari sina.