Kanda ya Punda Mkaidi

Hapo zamani, jamani, si zamani sana, kanda za video zilipokuwa zimeanza kusahaulika, aliishi Kondoa mwanamke aitwaye Tunu. Alikuwa na marafiki watatu aliokua nao: Siwema, Chausiku na Havijawa.

Tunu akashika mimba. Mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika, hivyo daktari akamwambia alale kitandani mpaka ajifungue. Akalala. Moyo ukamfa ganzi. Chakula hataki, maneno hataki, uso ameugeuzia ukutani.

Marafiki zake wakawa wanakuja kila alasiri kumchangamsha, na mara wakaanza kubishania filamu.

"Filamu ni za ngumi!" akasema Siwema.

"Ngumi hata sokoni zipo," akajibu Chausiku. "Filamu ni za mapenzi."

"Hakuna inayoifikia ile ya punda mkaidi," akasema Havijawa, "tuliyoitazama utotoni kwenye kibanda cha Mzee Njiku."

Tunu akageuka. "Yule aliyegoma darajani," akasema, na tabasamu likamponyoka.

Wale watatu wakatazamana.

Siwema akafunga safari hadi Singida, alikohamia Mzee Njiku, kuitafuta kanda ya filamu ile. Akashinda anapekua stoo ya mzee. Nge akamdunga mkono, lakini kanda akarudi nayo.

Kumbe kasha la kanda limepasuka. Wangeiweka hivyo, deki ingeutafuna utepe wake. Kasha zima lilikuwa moja tu, la kanda ya harusi ya Chausiku. Humo ndimo marehemu baba yake alimoonekana akicheza ngoma, wala hapakuwa na nakala nyingine. Chausiku akalifungua kasha, akautoa utepe wa harusi, akauingiza wa punda. Ule wa harusi ukajikunja, ukakatikakatika.

Wakawasha deki. Picha ikaja, sauti haikuja. Havijawa alikuwa anauguza koo, hata mate yalimuuma kumeza. Akasimama kando ya televisheni, akawasemea waliomo: akawa msichana, akawa bibi wa msichana, akawa punda. Filamu ilikuwa ya kigeni, na hata utotoni maneno yote aliyowatafsiria wenzake alikuwa ameyatunga mwenyewe. Tunu akacheka mpaka akaushika ukingo wa kitanda.

"Shoga zangu," akasema, "nipeni uji."

Tangu hapo kila alasiri kanda ikawekwa, kila alasiri Havijawa akasema, kila alasiri Tunu akala. Akajifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye kelele.

Siku ya kumpa mtoto jina ikafika, naye Tunu alikuwa ameahidi kumpa la rafiki aliyemwokoa, awe somo wake.

"Mimi ndiye niliyeileta," akasema Siwema. "Bila kanda mngetazama nini?"

"Mimi nimempoteza baba mara ya pili," akasema Chausiku. "Nani ametoa zaidi?"

"Kanda ilikuwa bubu," akasema Havijawa kwa sauti iliyokwaruza. "Alichokicheka Tunu ni maneno yangu."

Tunu akawatazama mmoja mmoja, machozi yakimtiririka. "Mungu awalipe, maana mimi siwezi," akasema. "Mwanangu angekuwa na majina matatu, ningewapa nyote."

Lakini mtoto ataitwa jina moja, na bibi yake ameshampakata, anangoja kumnong'oneza jina sikioni. Je, enyi mnaosikiliza, mtoto aitwe nani: Siwema, Chausiku au Havijawa?