Bi Ngiri na Kilima cha Mkatapumzi

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo pakawa imelala. Paukwa!

PAKAWA!

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani, wanyama walipokuwa na chama cha baiskeli, alikuwapo Bi Ngiri. Mzee, meno yamepinda, magoti yanalia ko, ko, ko. Lakini akiiona baiskeli tu, mkia unasimama wima!

Chama kilikuwa na sheria. Kila Jumamosi walipanda Kilima cha Mkatapumzi. Atakayetia mguu chini kabla ya kufika kileleni, baiskeli yake inatundikwa ukutani, na chamani harudi tena. Sheria hiyo aliitunga Swala, mwenyekiti, kijana wa miguu myembamba.

Jumamosi moja Swala akamwambia, "Bibi, leo kaa nyumbani. Mguu utashuka, utaaibika bure."

"Mjukuu wangu," akajibu Bi Ngiri, "nikikaa nyumbani nitagombana na kuta. Napanda!"

Alisema kwa ujasiri, lakini kwa ndani aliogopa. Ile baiskeli ndiyo furaha pekee iliyokuwa imembakia.

Firimbi, priii! Swala huyo, vuup! Tumbili nyuma yake, vuup! Bi Ngiri naye akajitia ujana, akawafuata mbio mbio. Kosa! Kona ya kwanza tu, kifua kinawaka, anaona nyota mchana. Mguu unataka kushuka. Unashuka... unashuka... Akaurudisha!

"We mzee we," akajisemea, "si ulikuwa ukipandisha mikungu ya ndizi hapa hapa? Ulikuwa ukipandaje?"

Akakumbuka. Akaacha kutazama mikia ya vijana. Akaanza kupanda kwa kukata upande: kushoto, kulia, kushoto, kulia. Kanyaga, pumua. Kanyaga, pumua.

Tumbili akageuka, akacheka kwa nguvu. "Bibi, umelewa?"

Kanyaga, pumua.

Kona ya tano, Tumbili huyo majanini, ulimi nje. Kanyaga, pumua. Kona ya saba, nani yule? Ni Swala! Mwenyekiti mwenyewe, kwato chini, anatetemeka mwili mzima. Bi Ngiri akapita. Kanyaga, pumua. Kanyaga, pumua. Kileleni! Akapiga kengele, kring! kring! kring! Alifurahi mpaka machozi yakamtoka.

Swala akafika akiikokota baiskeli, kichwa kimeinama. "Bibi, mimi nimetia mguu chini. Itundikeni yangu."

Wote wakamtazama Bi Ngiri.

"Tukiitundika," akasema, "Jumamosi nitapanda na nani? Tundika sheria yako, mjukuu wangu. Baiskeli ipande."

Chama kizima kikalipuka kwa vifijo, na Swala akapiga kelele kuwashinda wote.

Basi, wakubwa kwa wadogo, sikieni: mlimani kila mtu apande kwa pumzi zake, na aliyetangulia asimfukuze anayekuja nyuma. Hadithi yangu imeishia hapo kileleni, mimi nateremka zangu.