Kanuni ya Mkaguzi Kiboko

Hapo zamani za kale, enzi wanyama walipokuwa wakichemsha chai asubuhi na kuwafokea watoto wao wavae viatu, bondeni palikuwa na shule, na mwalimu wake alikuwa Nguchiro. Mdogo huyo! Ukimtia kwenye kikapu cha sokoni, nafasi ya nyanya inabaki. Lakini akili yake, loo, haikuenea kikapuni.

Kila mzazi aliyemuuliza anafundishaje, alimjibu hivi: "Mimi sifundishi darasa. Nafundisha watoto, na kila mtoto nina njia yangu ya kumfikia."

Ndiyo maana Popo, ambaye akikaa kwenye benchi kichwa kilimzunguka, alifungiwa ufito darini. Alining'inia hapo kichwa chini, akasoma vizuri kabisa. Kobe naye aliwekewa matofali matatu ya kupandia kwenye benchi, na akiulizwa swali mwalimu alimngoja, hata darasa zima lipige miayo. Wazazi wengine walinung'unika. Mimi ningekuwepo wangenitambua, lakini tuendelee.

Siku moja, paa! paa! paa! Ardhi ikatikisika. Mkaguzi Kiboko amefika, tumbo mbele, amejipaka tope bichi mwili mzima, na ameburuta mtungi mkubwa wa tope jingine. Akauacha langoni. Akajaribu kuingia darasani, akakwama mlangoni mabega na yote. Wakamvuta, wakamvuta, pwa! Akatoka.

"Mtihani utafanyika uani!" akanguruma. Kisha akachungulia dirishani. "Mwalimu! Ule ufito wa nini?"

"Wa Popo, Mheshimiwa."

"Na haya matofali?"

"Ya Kobe, Mheshimiwa."

"Upendeleo! Swala ana ufito? Nyani ana matofali? Ng'oa! Tupa! Leo wote watajibu sawasawa, na atakayeshindwa nafuta jina lake. Asionekane tena shuleni hapa!"

Popo akaanza kulia. Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba lake. Nguchiro alipowaona hivyo, moyo ulimuuma sana, maana alijua wote wawili wana akili, na alijua wakifukuzwa hakuna shule nyingine bondeni. Alitaka kugomba. Kisha jicho lake likaangukia langoni, kwenye ule mtungi, akatabasamu.

"Mheshimiwa, umenifungua macho," akasema kwa sauti ya upole mno. "Kosa langu ni kwamba sikuwa na kanuni ya maandishi. Hebu nitajie, niandike."

Kiboko akavimba kwa furaha. Nguchiro akaleta jani la mgomba na kijiti.

"Andika! Ndani ya ua huu mtu asitumie kitu ambacho wenzake wote hawatumii."

"Mtu yeyote, Mheshimiwa?"

"Yeyote!"

"Na kutoka nje je?"

"Asitoke mtu mpaka mtihani uishe!"

"Na mwanafunzi akiwa anajibu, wenzake wakimkatiza?"

"Asikatizwe na mtu! Mtihani ni mtihani!"

Kiboko akakanyaga jani lile kwa mguu wake wenye tope, pwata! Huo ndio ulikuwa muhuri wake, na kanuni yenye muhuri wa Kiboko hakuna aliyethubutu kuivunja, hata Kiboko mwenyewe.

"Nani wa kwanza?" akauliza.

"Kobe," akasema Nguchiro haraka.

"Kobe! Taja majani yote yanayoliwa bondeni!"

Kobe akatoa kichwa. Akatazama juu. Akatazama chini. Jua likasogea kidogo.

"La kwanza..." akasema, "ni... mchicha."

"Endelea!"

"La pili... la pili... ni mnavu."

Mnacheka? Ngojeni. Kobe alipofika kisamvu, tope la Kiboko lilikuwa limekauka kau. Alipofika matembele, likaanza kubanduka vipande vipande. Alipofika mlenda, mgongo wa Mkaguzi ulikuwa mwekundu na unawaka moto.

"Mwalimu, mtoto huyu ana majani mangapi?"

"Arobaini na mbili, Mheshimiwa. Anayajua yote. Shh! Asikatizwe."

"Nileteeni mtungi wangu!"

"Ala! Mtungi?" Nguchiro akainua jani la mgomba. "Swala ana mtungi wa tope? Nyani ana mtungi?"

"Basi nakwenda mtoni mara moja!"

"Asitoke mtu mpaka mtihani uishe. Mguu wako huu hapa."

"La sita..." akasema Kobe.

"Uwiii!" Kiboko akapiga yowe. "Naungua! Nyinyi hamwoni? Mimi ni kiboko! Ngozi yangu si kama ya Swala! Bila tope siwezi kusimama, siwezi hata kufikiri!"

Nguchiro akamsogelea, akasimama mbele ya lile domo kubwa bila kuogopa.

"Kwa hiyo tope lako ni upendeleo, Mheshimiwa?"

"Upendeleo gani! Ndivyo nilivyoumbwa!"

"Na Popo ameumbwaje? Na Kobe?"

Kiboko akageuka. Akamwangalia Popo aliyejikunyata chini ya ukuta wa ua, macho yamemvimba kwa kulia. Aibu ikamshika Mkaguzi mpaka masikio yake madogo yakalala.

"Mwalimu," akasema polepole, "kanuni yenye muhuri inafutwaje?"

"Aliyeiweka anaila, Mheshimiwa."

Basi akalitia jani kinywani, kijiti na yote. Nyaf! Nyaf! Gubu! Halafu akatimua mbio, akaupita mtungi bila kuuona, akajitosa mtoni, chubwi! Maji yakaruka hadi kwenye bati la shule.

Mchana huohuo alirudi, maji yakimchuruzika, akakaa nje ya dirisha. Popo alijibu maswali yote akiwa ananing'inia kwenye ufito wake, na Kiboko, ili amtazame vizuri usoni, aliinamisha shingo lake nene mpaka kichwa kikakaribia kugeuka juu chini. Hakufuta jina la mtu.

Nanyi watoto mjue hili: kumpa kila mmoja anachohitaji ili ajifunze si upendeleo, ni haki.